Mwisho wa Wimbo wa Yasinta

Nilimkuta Yasinta mwaka huu kwenye harusi huko Gendabi, baada ya miaka mingi kiasi kwamba wote wawili tumeshakuwa bibi za watu. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai upande wa wageni wa bwana harusi, sahani ya pilau magotini, mtu akanigusa bega kwa nyuma. Nikageuka. Alikuwa mama mwembamba, kitenge cha kijani, na mtandio mwepesi ameuzungusha shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Akafungua mdomo, na badala ya sauti ikatoka pumzi, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. "Magreth," ilisema ile pumzi. "Umenenepa." Nilicheka kwanza, halafu machozi yakanitoka, mpaka mama aliyekaa jirani yangu akaniuliza kama nimepata taarifa ya msiba. Tulitaka kuzungumza tukashindwa. Spika zilikuwa karibu, mshehereshaji anapiga kelele, na sauti ya Yasinta haiwezi kushindana hata na kijiko kinachogonga sahani. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake, akaniambia anaishi Hirbadaw, niende nikamwone. Kisha akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka keki ikakatwa, kama watoto wa shule waliokatazwa kuongea.

Tangu siku ile nimekuwa nikiukumbuka mwaka wetu wa Tumati, milimani kule Mbulu. Ya nyumbani kwetu na nilivyopata ualimu nayaacha. Mwaka huu ninaousimulia ulianzia mlangoni pa nyumba ya walimu, asubuhi moja ya ukungu, mimi nimesimama na sanduku langu la bati kichwani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na binti wa umri wangu, amepiga magoti mbele ya mafiga, anakoroga makande kwa mwiko mrefu. Nikasema hodi. Hakuitika. Aliinua mkono wa kushoto juu, akaushikilia hewani kunizuia, huku mdomo wake ukitembea taratibu. Nikabaki pale pale na mzigo wangu. Alipomaliza alichokuwa akikimaliza, akauteremsha mkono, akanitazama kwa uso wa furaha kabisa, akasema, "Samahani. Ungenisalimia, kingetoroka." Sikuelewa ni kitu gani kingetoroka. Makande yalikuwa yameungua chini, na tuliyala hivyo hivyo, yananuka moshi. Mwaka ule nilikula makande mengi yaliyoungua.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo katikati, sakafu ya udongo tuliyoipaka kila Jumamosi, kila chumba na dirisha moja la mbao ambalo ukilifungua asubuhi ukungu unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Chumba changu kilikuwa upande wa shamba la vitunguu saumu, na wakati wa kuvuna harufu ililala nami kitandani. Cha Yasinta kilikuwa upande wa bonde. Hakuwa na pambo lolote ukutani. Alikuwa na kitanda, kiti, na dirisha, na dirishani ndipo alipokuwa anaishi. Alifundisha darasa la tatu, alifundisha vizuri, lakini kazi yake hasa ilikuwa kutunga nyimbo, na aliifanya kazi hiyo akisonga ugali, akifua, akitembea kwenda chemchemini, hata akiandika hesabu ubaoni. Watoto walishazoea. Akinyamaza katikati ya kujumlisha, wao waliweka kalamu chini wakasubiri mwalimu arudi.

Hakujua kuandika nota, na hakuona haja. Alikuwa anachukua maneno ya watu. Jirani yetu Mama Paskali, aliyetuletea maziwa, akipita akilalamika kwamba ng'ombe wake amekataa kusimama, Yasinta aliyarudia maneno yale kwa sauti ile ile, mara tatu, mara kumi, kila mara akiyapandisha kidogo, mpaka yanaacha kuwa malalamiko yanakuwa wimbo. "Watu wote wanaimba," aliniambia. "Tofauti ni kwamba hawajisikilizi." Mimi sina sauti ya kuimba, nilimwambia hivyo siku ya kwanza, lakini alinipatia kazi. Aliniambia nishike sauti moja ya chini, niing'ang'anie, nisiende kokote, na yeye anapanda juu yangu na kushuka na kuzunguka. "Wewe ni ukuta," alisema. "Mimi natambaa." Tulifanya hivyo tukichambua mboga, tukipeta maharage. Nilipokuwa nashika sauti ile ya chini na yeye anatembea juu yake, kifua changu kilitetemeka kwa namna ambayo sikuwahi kuipata kanisani wala popote. Leo nikiwa peke yangu jikoni huwa naishika tena ile sauti ya chini. Hakuna kinachopanda juu yake.

Mwaka ule kigango chetu kilikuwa kinamalizia kanisa jipya la mawe, na mwisho wa mwaka Baba Askofu angekuja kulitabaruku. Kwaya ilihitaji wimbo wake yenyewe, wimbo mpya. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mzee Boay, mtu mrefu wa koti jeusi, aliyejifunza nota ujana wake kwa wamisionari na aliyeamini kwamba wimbo usioandikwa haujazaliwa. Jumapili moja baada ya misa mimi na Yasinta tulikuwa nyuma ya kanisa la zamani tukivua viatu vya misa ili turudi nyumbani pekupeku, matope yasiviharibu, tukamsikia upande wa pili wa ukuta akiongea na wazee wenzake. "Yule binti mwalimu ana kipaji," alisema, "sikatai. Lakini anaimba kama mama anayeita ng'ombe zirudi. Baba Askofu atatushangaa." Nilimtazama Yasinta nikitegemea atalia. Alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, macho yamemtoka. "Amejuaje?" akaninong'oneza. "Ndicho ninachokitafuta."

Kweli ndicho alichokuwa anakitafuta. Jioni, kabla ya giza, wanawake wa Tumati walikuwa wanaitana kutoka mlima hadi mlima. Siku hizi kuna simu. Wakati ule, mama mwenye neno kwa shoga yake wa ng'ambo alisimama ukingoni mwa shamba lake akaita, na sauti ikapanda, ikakaa juu kidogo, halafu ikavunjika na kuanguka, kama mtu ametupa jiwe bondeni na sasa anasikiliza litakapogonga. Kisha kimya. Kisha, kama una bahati, jibu. Yasinta aliusikiliza mwito huo dirishani kwake kila jioni. Wimbo wake wa kutabaruku ulikuwa huo: mwanamke yuko kilimani anaita tangu asubuhi. Anamwita mama yake, anamwita rafiki, anamwita Mungu, na kila mara bonde linamrudishia sauti yake mwenyewe. Beti baada ya beti. Na mwishoni anajibiwa.

"Anajibiwa na nani?" niliuliza.

"Ningejua ningekuwa nimemaliza."

Alimwendea Mzee Boay nyumbani kwake, akamwamkia, akamwomba asikilize. Mimi nilikuwepo. Mzee alifumba macho na mikono yake ameikunja juu ya fimbo. Yasinta akaimba beti tatu alizokuwa nazo. Alipoishia, mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni na ungo, amesahau kupeta. Mzee akafumbua macho, akasema, "Lete mwisho wake. Ukiuleta mwisho, tutauimba."

Goita yake ilikuwepo tangu nilipofika. Ilikuwa uvimbe mdogo tu chini ya koo, na wanawake wengi kule walikuwa na uvimbe kama huo wakazeeka nao, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini kufikia wakati wa kupalilia mahindi, niliona kwamba tukipanda kilima kutoka chemchemini Yasinta anasimama. Anajifanya anatazama kitu. Pumzi yake ilikuwa na mluzi ndani. Kisha mistari ya wimbo ikaanza kuwa mifupi. Alikuwa ameukata mstari mrefu wa beti ya pili vipande viwili, na nikamsifu, nikasema umekuwa mtamu zaidi. Akanijibu bila kunitazama, "Siyo utamu. Pumzi haifiki." Chemchemini walikuwa na maelezo yao. Siku moja nikiwa nyuma ya mgomba nilimsikia Mama Paskali akiwaambia wenzake kwamba mwalimu amemeza wimbo, umekwama kooni, na hautatoka mpaka aache kutunga. Nilimpelekea Yasinta habari hiyo kwa hasira. Yeye aliipenda. Alitembea nayo siku nzima: amemeza wimbo, umekwama kooni.

Nilimsindikiza hospitali wakati wa likizo fupi. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya uchovu. Alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akamwambia ainue mikono juu. Uso wa Yasinta ukavimba kwa damu iliyozuiwa shingoni. "Mwalimu," daktari alisema, "huu uvimbe ungekuwa unakua kuja nje, ningekuambia nenda nyumbani. Huu unakua kwenda ndani. Unabana njia ya hewa."

"Dawa yake?"

"Kupasua. Ila lazima nikuambie ukweli. Nyuma yake kuna mishipa myembamba inayoendesha sauti. Uvimbe umeifunika. Tutajitahidi. Siwezi kukuahidi."

"Nisipopasuliwa?"

"Siku moja utakosa hewa."

Yasinta alimwomba asubiri mpaka mwisho wa mwaka. Daktari alisema hashauri hata mwezi. Tuliporudi Tumati hakulizungumzia. Alirudi dirishani kwake. Nilimbembeleza, nilimgombeza, nilimpikia uji wa ulezi, nilimwandalia nguo za kwendea hospitali nikazikunja juu ya kiti chake, na kila jioni alizitoa kwenye kiti akakaa. "Magreth, sikiliza," aliniambia mara moja, kwa upole kabisa. "Nikienda sasa, naenda na wimbo usio na mwisho. Mwisho ukija, nitaenda siku hiyo hiyo." Nilimjibu kwamba wimbo unaweza kusubiri. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba miezi yote hii amekuwa akiongea na mwenzake lugha mbili tofauti. Sikuwa na la kufanya. Ningeweza kumfungulia mlango, ningeweza kumbeba kama angekubali kubebwa, lakini hakuna namna ya kuingia ndani ya kichwa cha mtu ukamsaidia kumalizia wimbo. Nilibaki nachambua maharage sebuleni, nasikia pumzi yake ikipiga mluzi chumbani, inapanda mpaka pale pale, inasimama, inarudi mwanzo.

Alikosa hewa darasani, mchana, akiwa ameshika chaki. Watoto walikuja mbio darasani kwangu, hawakuweza hata kusema, walinivuta sketi tu. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, midomo imegeuka rangi, vidole vinakwaruza koo. Mwalimu mkuu na mimi tulimtoa nje kwenye upepo, tukamkalisha ameinama mbele, na polepole hewa ikapata njia. Aliponyanyua uso alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa. "Nitaenda," alisema.

Kesho yake tulishuka Dongobesh kutafuta gari. Kulikuwa na lori la mahindi linalopakia, dereva akasema tusubiri. Tulikaa kwenye duka la Mzee Salimu, ambaye walimu wote wa upande ule tulinunua kwake sukari na mafuta ya taa. Mkewe, Mama Zuhura, alimwona Yasinta anavyopumua, akatuingiza chumba cha nyuma penye magunia, akatuletea chai ya tangawizi. Juu ya rafu palikuwa na radio kaseti. Sijui nilipata wapi wazo, lakini nilimwuliza Mama Zuhura kama inarekodi. "Inarekodi, mwanangu," alisema. "Baba yake Zuhura hurekodi kaswida za watoto." Akatafuta kanda, akaipuliza vumbi, akatuonyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja.

Yasinta aliimba akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi. Alisimama mara nyingi kuvuta pumzi, na kila aliposimama kanda iliendelea kuzunguka. Nilimshikia sauti ya chini ili awe na pa kukanyaga. Aliimba beti zote. Alipofika pale ambapo mwanamke ameita mara ya mwisho na bonde limenyamaza, naye akanyamaza. Tulisubiri. Nje kuku alikuwa analia na mtu anahesabu magunia kwa sauti. Nilimwonyesha kwa mkono: endelea. Alitikisa kichwa. "Haujaja," akasema, na neno hilo nalo liliingia kwenye kanda. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alimwendea akamfuta jasho usoni kwa upindo wa khanga yake, kama anamfuta mwanawe, akasema, "Mungu akutangulie, mwalimu. Utakuja kuumalizia hapa hapa."

Walimpasua. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na wanawake waliokuwa wanasubiri wagonjwa wao, mmoja akanigawia kiazi kitamu kilichochemshwa, nikakishika mpaka kikapoa. Daktari alitoka akasema uvimbe umetoka wote na hewa inapita vizuri; kuhusu sauti, tusubiri. Niliruhusiwa kumwona kesho yake asubuhi. Alikuwa amefungwa bandeji shingoni, macho yake yanawaka, na nilipokaribia alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikutegemea mgonjwa awe nazo. Mdomo wake ukafunguka, ikatoka pumzi tupu. Alijaribu tena. Niliinama.

"Umekuja," alisema.

"Ndiyo, nimekuja," nikamjibu. "Nipo tangu jana."

Akatikisa kichwa, akasikia uchungu, akatulia. Kisha akainua kidole, akakigusa kwenye kipaji cha uso wake mwenyewe. "Mwisho," ikasema pumzi. "Umekuja."

Nimeishi miaka mingi tangu asubuhi ile, nimezika wazazi na mume, na bado sijui neno la kuiita hali ile. Alikuwa na furaha. Alikuwa amelala pale na bomba la dripu mkononi, ana furaha kama siku niliyomkuta mbele ya mafiga, kwa sababu kitu alichokisubiri mwaka mzima kilikuwa kimefika chote, bila kasoro, na alikisikia. Na mimi nilikuwa namtazama koo, na nilielewa kabla yake.

Tulirudi Tumati tukaanza kazi ya kuutoa. Wiki za kwanza tulijipa moyo kwamba sauti itarudi. Haikurudi. Basi akajaribu kwa njia nyingine. Alijaribu mluzi, akafunga mlango kwanza kwa sababu ya watu, na mluzi ulitoka ukatupatia tuni, wala tuni yenyewe haikuwa ngumu, niliishika siku ile ile. "Tuni ndiyo hiyo," alisema, "lakini wimbo bado." Alijaribu kunielekeza kwa mkono, unapanda, unakaa, unavunjika. Aliweka vidole vyake kwenye koo langu akavibonyeza kama anayetaka kulifinyanga, nami nikaita, nikaita tena, mpaka Mama Paskali akaja kuuliza kama tunamwita yeye. Kila nilipomaliza nilimtazama usoni. Alikuwa anasikiliza kwa matumaini yote, kila mara, na kila mara nilimwona akiteremka kutoka mahali fulani alikokuwa amepanda. "Karibu," alikuwa anasema, kwa kunionea huruma. Haikuwa karibu.

Siku moja, tukiwa tunakula ugali na maziwa ya mgando, aliacha kula akanieleza ule mwisho. Ilimchukua muda, maana alipaswa kuvuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Yule wa ng'ambo hamjibu," alisema. "Naye alikuwa anaita. Tangu asubuhi, wakati ule ule. Ndiyo maana hawakusikiana. Mwishoni huyu anachoka, ananyamaza, ndipo anamsikia mwenzake katikati ya mwito. Na sauti yake inatoka tena bila yeye kutaka, na inavunjika pale inapogusana na ile." Nilisema sasa nimeelewa, nikasimama nikauimba. Nilikuwa nimeelewa kweli. Nikauimba vibaya vile vile.

Mzee Boay alikuja mwenyewe, koti lake jeusi limelowa manyunyu, pamoja na msichana aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Yule msichana alikuwa na sauti nzuri, safi, na kila alichopewa alikilainisha kikawa cha kanisani. Mzee aliuandika ule mwisho kwa do re mi, akauimba, akamtazama Yasinta. Yasinta akatikisa kichwa. Akaandika upya. Akatikisa. Mchana ukapita hivyo. Mwishowe mzee aliweka kalamu chini. "Mwanangu," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "masikio yangu ni ya mtu mzima. Niambie tu kosa liko wapi." Yasinta alifungua mdomo, akatafuta, akafumba. Hakuweza kusema, maana hakuna mahali ungeweza kuonyesha kidole. Mzee alitoka nje akasimama mvuani muda mrefu, kofia mkononi.

Kanisa lilitabarukiwa siku ya jua. Watu walikuja hata kutoka Dongobesh na Mbulu mjini. Kwaya iliuimba wimbo wa Yasinta, beti kama zilivyokuwa kwenye kanda, na mwisho kama alivyouandika Mzee Boay, msichana upande huu wa altare na wenzake wawili mlangoni wakiwa ndio mlima wa pili. Wanawake walipiga vigelegele. Wazee walijifuta macho. Baba Askofu aliomba urudiwe. Mimi na Yasinta tulikuwa tumekaa benchi la nyuma, na niliutazama uso wake tangu mwanzo hadi mwisho. Aliusikiliza kwa heshima, kama unavyosikiliza wimbo wa mtu mwingine. Watu walipomgeukia kumpongeza alisimama, akawapa mikono, akawashukuru. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, viatu mkononi, nilimwuliza.

"Wameimba vizuri," alisema. Tukatembea. "Wimbo mzuri kabisa." Tukatembea tena. "Siyo ule."

Hakuweza kuendelea kufundisha kwa ile pumzi. Mwaka uliofuata aliondoka, akaolewa Hanang, mimi nikahamishwa, tukapotezana kama watu walivyokuwa wakipotezana kabla ya simu. Wimbo ndio uliobaki. Umesambaa parokia nyingi, wengine wanauita wa zamani, wengine wanasema ni wa kijadi. Huko Gendabi kwenye misa ya harusi vijana waliuimba kwa kinanda, na sauti ya ngoma ya mashine chini yake, na mwisho wameurefusha ili watu wacheze. Kanda ya Dongobesh, niliyoachiwa na Mama Zuhura, ilisagika kwenye radio yangu mwenyewe, kwa kusikilizwa. Kwa hiyo hakuna mahali popote duniani ambapo mtu anaweza kuusikia mwisho wa wimbo ule, isipokuwa mahali pamoja, kichwani mwa Yasinta.

Nilikwenda Hirbadaw wiki iliyopita. Nyumba yake ni ya matofali, imetulia, mlima Hanang unaonekana wote kutoka uani. Wajukuu waliniamkia, wakaniletea kiti, wakakimbilia malishoni. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka akipukuchua mahindi, nikavua viatu nikakaa naye, nikachukua gunzi. Pale hapakuwa na spika, na niligundua kwamba ukizoea pumzi yake unaisikia kama sauti nyingine yoyote. Tulizungumza habari za watoto, za magoti, za Mama Paskali aliyekwisha kufariki. Kisha nikamwuliza nililotaka kumwuliza miaka yote hii.

"Bado zinakuja?"

Hakuniuliza nini. "Kila siku," alisema.

"Nzima?"

"Nzima. Na miisho yake."

"Unazifanyaje, Yasinta?"

Alifikicha gunzi mpaka likabaki tupu, akalitupa kwenye lundo. "Naziacha zipite," alisema.

Tuliendelea kupukuchua. Jua lilikuwa limeinamia magharibi, na ng'ombe za jirani zilikuwa zinarudi na vumbi lao. Baada ya muda niliona mikono yake imesimama juu ya mahindi. Kichwa amekiinamisha upande kidogo, macho hayatazami kitu, na midomo yake inatembea taratibu bila sauti. Nilijua wimbo mmoja umefika. Ulikuwa pale, kati yetu, kwenye mkeka ule, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Niliacha gunzi langu lisije likafanya kelele, nikakaa kimya mpaka ukapita.